Jeneza Kwenye Televisheni ya Kinindo

Vijana mnaofunga wifi majumbani, nisikilizeni kidogo kabla hamjapanda ngazi. Mimi ni Mama Zaituni wa Buyenzi. Nimefanya kazi hiyo hiyo yenu hapa Bujumbura mpaka magoti yakakataa, na kabla ya wifi nilikuwa fundi wa simu za nyumbani, zile za waya. Mafundi wenzangu waliniita Mama Woga, na hawakunisingizia. Naogopa umeme, naogopa dari, naogopa mbwa, naogopa mwenye nyumba anayesimama nyuma yangu bila kusema neno. Hata leo, nimekaa zangu nachambua mchele, umeme ukirudi ghafla moyo unanienda mbio.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sefu, fundi mfupi mwenye sauti kubwa, mwoga kama mimi ila yeye alificha kwa kelele. Aliniambia kwamba ukigusa kitu cha umeme usichokiamini, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu kwenda ule. Mimi na kitenge changu sikuwa na mfuko.

"Basi uweke nyuma," akasema, "kwenye mukanda. Uko na mikono mbili, kufa ni mara moja tu."

Kwa hiyo miaka yote nimefanya kazi mkono mmoja ukiwa mgongoni, na wateja wakadhani ni madaha. Siku Mzee Sefu aliporushwa na umeme kule Kamenge alikuwa ametoa mikono yote miwili, kwa sababu alikuwa anasimulia jambo na hakujua kusimulia bila mikono. Hakufa, alhamdulillahi. Lakini kidole chake kimoja hakikunyooka tena, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ngazi nikamwona akiruka. Usingizi wangu uliharibika kwa muda mrefu baada ya siku ile.

Ninyi mnaniambia kazi siku hizi ni rahisi kwa sababu hakuna kutandika waya. Ni kweli hamtambai tena juu ya dari kwenye kinyesi cha popo. Mteja anataka simu, televisheni, kamera ya getini na mashine ya kuchapisha karatasi, vyote viongee bila uzi hata mmoja kuonekana, na anataka kabla chai haijapoa. Lakini kutoona waya si sawa na kusema hakuna njia. Mtandao unapita mahali fulani, na wewe fundi usipojua unapita wapi, hujui pia nani yuko njiani.

Mengine madogo mnayajua, au mtayajua kwa aibu. Ruta iwe juu na katikati ya nyumba. Kuna watu wanaifungia ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, kisha wanakuita na kulalamika kwamba wifi haifiki chumbani. Itafikaje, nayo imefungwa kufuli? Usiiweke nyuma ya televisheni wala karibu na tangi la maji, na usiiegemeze kwenye kioo kikubwa cha sebuleni ambacho bibi wa nyumba anakipenda kuliko ndugu zake. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, usiukimbilie, maana kwetu huwa unarudi kwa hasira. Subiri taa itulie, kisha chomeka. Nimeona ruta mpya ikitoa moshi mbele ya familia nzima iliyokuwa imekaa kusubiri mpira uanze, na walivyonitazama siwezi kuwasimulia.

Na ukuta ukikataa kabisa, kuna vile visanduku tunaviita CPL. Kimoja unakichomeka kwenye soketi karibu na ruta, kingine kwenye soketi ya chumba cha mbali, na mtandao unasafiri ndani ya nyaya za umeme ambazo ziko ukutani tayari. Hutoboi, huchafui rangi ya mtu. Ni kitu kizuri mno, na ndicho kilichonitia hofu kuliko vingine vyote.

Mteja mmoja wa Kinindo, nitamwita Madame Espérance, alinipigia simu siku moja baada ya adhuhuri. Nilimjua kwa kuwa niliwahi kumwekea kamera ya getini. Mume wake alikuwa safarini kikazi, na yeye alikuwa na mimba kubwa, baada ya kupoteza mimba nyingine mbili ambazo hakupenda kuzitaja.

"Mama Zaituni, uje sasa hivi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayejificha. "Télé yangu inajiwasha yenyewe. Inaonesha maziko."

"Maziko ya nani, Madame?"

"Sijui! Mutu simujue. Juzi na jana nilirudi mapema, nikaona na macho yangu: jeneza, na watu wanaimba. Mutoto yangu akanipiga teke ndani ya tumbo, nikasema basi, ni sisi wanatuonesha."

Ningesema nilicheka, ningekuwa mwongo. Nilisoma dua yangu, nikachukua mkoba wa vifaa, nikapanda teksi.

Nilipofika nilikuta geti limefungwa kwa ndani na Madame mwenyewe ndiye aliyekuja kulifungua. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni kwa utepe. Zamu, yaani mlinzi wake, Madame alikuwa amemruhusu aende nyumbani. Nilipoingia akafunga tena geti, na mlio ule wa kufuli haukunipendeza. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na mfuko wa nguo, zipu wazi, vitu vyote vimemwagwa sakafuni: sketi, kitana, sabuni, picha ya mama mmoja mzee. Na juu ya kigoda ndani ya jikoni alikaa Jeanine, msichana wa kazi, mtu mzima wa miaka ishirini na ushei, mikono katikati ya magoti. Shangazi yake alikuwa anaishi Musaga, na zaidi ya huyo hakuwa na mtu mjini.

"Ni yeye," Madame aliniambia, bila hata kunong'ona. "Kila mara télé inafanya vile, ni yeye tu yuko hapa. Nikirudi kazini namukuta anatetemeka. Na anaficha kitu. Namuuliza, ananyamaza. Ba-frère yangu banakuja saa kumi. Bao njo batamuuliza vizuri."

Saa kumi haikuwa mbali. Sikuwajua kaka zake, lakini najua kaka wa mtu wanavyouliza maswali kwa msichana aliyefungiwa nyumbani kwa kosa la uchawi. Nimezaliwa mji huu. Nikatamani ningekuwa nimesema gari limeharibika njiani.

Nikauliza nyumba ilivyofungwa mtandao. Madame akaniambia ruta iko chumba cha mbele, kuta ni nene, wifi ilikuwa haifiki sebule ya nyuma ambako televisheni iko. Shemeji yake alipokuja kutoka Ulaya alimletea CPL mbili, akazichomeka, zikafanya kazi papo hapo, akarudi zake. Hakuna aliyezigusa tena.

Nilienda sebuleni nikakaa mbele ya televisheni ile. Ilikuwa kubwa, nyeusi, imezimwa lakini taa yake ndogo nyekundu inawaka. Nikaangalia rimoti, nikaangalia simu ya Madame, nikabadilisha neno la siri la wifi, maana hapa kwetu mgeni akishapewa soda anapewa na wifi, na mgeni huyo anampa binamu yake. Nikaangalia vifaa vilivyoingia kwenye ruta. Simu ya Madame, televisheni, kamera. Hakuna kigeni. Tukasubiri, mimi na yeye kwenye makochi mawili. Nilikuwa natega sikio kwa kila mlio wa gari. Televisheni haikufanya lolote.

"Unaona?" Madame akasema mwishowe. "Leo nimemukataza kutoka pale kwa kigoda. Ile télé imetulia. Ni yeye, Mama Zaituni. Utasema nini?"

Na niwaambie wazi, kwa sababu ninyi mnadhani fundi akishika kifaa mkononi haogopi mambo mengine: nilimtazama yule msichana kupitia mlango wa jikoni, na mimi pia nikamwogopa. Alikuwa kimya mno. Nilijiuliza kwa nini halii, kwa nini hajitetei. Nikavuta mkoba wangu karibu na miguu.

Ndipo ikasikika sauti ya mzee kutoka ng'ambo ya ukuta wa nyuma, na fimbo ikigonga matofali.

"Jeanine! Mutoto yangu, uko? Leo umenisahau!"

Jeanine aliinua kichwa, akakiinamisha haraka. Madame hakujali. "Ni Muzee Gérard, jirani. Anazeeka vibaya tangu mke wake afariki, anaita ita tu." Lakini mimi nilikuwa nimeona macho ya Jeanine. Nikaenda jikoni, nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Mwanangu, umemsahau kwa kitu gani?"

"Apana, mama. Hakuna."

"Jeanine. Hao kaka za Madame wako njiani. Mimi naogopa kuliko wewe. Nisaidie."

Akamtazama Madame, akanitazama mimi. "Mi namupatia courant," akasema. "Compteur yake, ile mita, ilikufa, bado hawajakuja kutengeneza. Madame akienda kazini, mi napitisha rallonge, ule waya murefu, kwa tundu la ukuta, nachomeka hapa. Muzee anapata kuchaji simu, anaangalia télé yake kidogo. Mbele Madame arudi, natoa, naficha. Juzi na jana alirudi mapema, sijatoa. Niliogopa atanifukuza."

"Umeme yangu!" Madame alipiga kelele. "Unagawa umeme yangu!"

Ninyi ni watoto wa hapa, mnajua jambo hilo lilivyo. Jirani akiishiwa umeme anarusha waya juu ya ukuta, na mtu anauchomeka. Hakuna anayemnyima jirani umeme na akaamka na uso wa kumsalimia. Jeanine alifanya vile alivyolelewa. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza Madame. Nilikuwa natazama soketi aliyoionyesha Jeanine, na waya mrefu wa njano uliozungushwa nyuma ya gunia la makaa.

"Chomeka," nikamwambia.

"Apana, mama."

"Chomeka, mwanangu, niko hapa."

Alipitisha waya kwenye tundu la ukuta, kisha akachomeka. Ng'ambo ya ukuta yule mzee akasema, "Ah, merci sana, Mungu akubariki." Tukarudi sebuleni wote watatu. Jeanine alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Madame alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Nilirudisha mkono wangu mmoja mgongoni bila kujua kwa nini, maana sikuwa nimegusa umeme wowote.

Tulisubiri mpaka nikaanza kudhani nimekosea. Mbwa alibweka mtaa wa pili, akanyamaza. Kisha televisheni ikawaka yenyewe.

Kwanza ilitokea nembo, kisha giza, kisha sauti ikajaa nyumba nzima: kwaya, kwa Kirundi, wimbo wa kuaga. Vijana waliovaa glovu nyeupe walibeba jeneza wakipita katikati ya watu, na picha inatikisika kwa sababu aliyeipiga alikuwa analia. Madame alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Jeanine alianguka magotini akisema "Yampayinka, Yampayinka," yowe la Kirundi la mtu aliyeshtuka. Na mimi, fundi, niliyekuwa nimeshajua kichwani kinachotokea, nilirudi nyuma nikakalia meza ya kahawa, nikasoma Ayatul Kursi nikakosea katikati nikaanza upya. Kujua hakukunisaidia. Niliona jeneza ndani ya nyumba yenye mama mjamzito, na mwili wangu ukaogopa hivyo hivyo.

Nikajilazimisha kusimama. Nilikwenda jikoni nikishika ukuta, nikachomoa waya wa njano.

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Picha ikaganda, kisha ikatoweka. Na katika ukimya ule, kutoka ng'ambo ya ukuta, Mzee Gérard akaita kwa masikitiko, "Jeanine! Courant imekatika tena!"

Basi, hii ndiyo sehemu ya kazi, ikamateni. Mzee Gérard naye alikuwa na ruta na CPL, za aina ile ile, alizoletewa na watoto wake, na vyote vilikula umeme wa ule waya wa njano. CPL zikitoka kiwandani zina ufunguo mmoja wa pamoja, na zikikutana kwenye waya mmoja wa umeme zinasalimiana na kuungana bila kuuliza mtu. Nyumba mbili zenye mita mbili, kwa kawaida hazikutani vizuri. Lakini Jeanine alipopitisha ule waya, mitandao miwili ikawa mmoja. Mzee akibonyeza kwenye simu yake alama ya kutuma video kwenye televisheni, alikuwa anaona majina mawili yaliyofanana, kwa kuwa televisheni zote mbili ni za kampuni moja na hakuna aliyezibadilisha majina. Alichagua lolote. Siku nyingine alipata yake. Siku nyingine alipata ya Madame, akakaa mbele ya kioo cheusi akidhani simu yake ni mbovu, akijaribu tena.

Kwa hiyo mkifunga CPL, bonyezeni kile kitufe kidogo cha pembeni, kwenye moja kisha kwenye nyingine, mpaka taa zitulie, ili zipate ufunguo wao peke yao. Ipeni televisheni jina la nyumba. Na msiulize tu ruta iko wapi. Ulizeni umeme wa nyumba unafika mpaka kwa nani, na ulizeni kwa upole, maana mara nyingi anayejua ni yule anayeogopa kusema.

Nilimpeleka Madame kwa jirani. Alitembea taratibu, mimi nimemshika kiwiko. Mzee Gérard alikuwa amekaa na simu mkononi, amevaa koti kabisa, na alipoona tumeingia alisimama akatukaribisha na kuomba radhi kwamba hana umeme wa kutupatia hata chai. Madame akamuuliza anaangalia nini kila siku.

"Bibi yangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nalia sana, sikuona kitu. Watu wananiambia walikuja wengi, waliimba vizuri. Sasa naangalia, nami nione." Akatuonyesha simu. Ilikuwa kwaya ile ile, ndogo kiganjani, na jeneza lile lile. "Kwa simu sura za watu hazionekane. Njo nataka télé."

Madame alikaa chini akalia mpaka nikaogopa kwa ajili ya ile mimba. Mzee hakuelewa analia nini, akawa anampigapiga bega na kumwambia asante, akidhani anamlilia mkewe.

Tulikuwa bado hapo gari lilipopiga honi mbele ya geti la Madame. Tuliruka wote wawili, kwa sababu tulikuwa tumesahau saa, na Jeanine tulikuwa tumemwacha ndani, na ufunguo uko shingoni kwa Madame. Sijui mimba ile ilikimbiaje. Wanaume wawili walikuwa wameshashuka, mmoja anagonga geti kwa ngumi, mwingine ameshika mkanda wa suruali ambao haukuwa kiunoni. Madame akasimama kati yao na geti.

"Rudini nyumbani," akawaambia. "Ilikuwa ya mashine tu. Imeisha."

"Ya mashine namna gani? Na ule mukobwa wa jikoni?"

"Nimesema imeisha!"

Walibishana kidogo, wakanitazama mimi kwa dharau, wakaondoka. Yule wa mkanda aliuvaa akiwa anaendesha. Nikaegemea ukuta mpaka gari likapinda kona.

Ndani, Jeanine alikuwa ameshaokota vitu vyake vyote na kuvipanga ndani ya mfuko, picha ya yule mama juu kabisa. Alikuwa amesimama katikati ya jikoni. Alikuwa amesikia honi, ngumi, kila kitu, bila kujua geti likifunguliwa nani ataingia.

Madame alimweleza yote. Alieleza vizuri, kwa haraka, akanionyesha mimi, akaonyesha visanduku, akaonyesha ukuta. Alimwomba msamaha, na nadhani aliuomba kwa moyo. Akasema Mzee atapewa umeme kila siku, mchana kweupe, hakuna kuficha tena. Kisha akainama, kwa shida na tumbo lile, ashike mfuko.

"Leta, nirudishe kwa chumba yako. Umesikia mwenyewe, ni courant tu. Hakuna kitu ya kuogopa."

Jeanine aliuvuta mfuko taratibu, bila ukali.

"Nimesikia, Madame. Télé siiogope tena," akasema. "Sasa ni weye minaogopa."

Alitupatia mkono wa kwaheri, mimi kwanza kwa kuwa ni mkubwa, kisha Madame, kwa heshima zote, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia kama alivyofundishwa kwao. Halafu akasimama mbele ya geti, akasubiri Madame avue ule ufunguo shingoni.